Mama Akisema Ongeza

Seoul, 3 Machi 1984

Kwa Dada Geum-rye,

Hamjambo huko Gurye? Sisi wazima. Shemeji yako Chang-gu anakohoa kidogo lakini ni sigara zake, si baridi.

Nina habari njema mpaka kalamu inanitoroka mkononi. Lile jarida la akina mama limenikubali. Kuanzia mwezi wa tano nitakuwa na ukurasa wangu wa mapishi ya nyumbani, kila mwezi, na picha juu. Nilimpa mhariri ile supu ya soya iliyochachushwa mtungini uliyoniandikia wakati wa theluji. Akaenda kuipika kwake. Kesho yake akaniambia mumewe aliomba bakuli la tatu, mtu ambaye kwa kawaida hula huku anasoma gazeti.

Dada, wanawake wa huku ghorofani hawajui kupika. Si kosa lao. Mama zao wako mbali, na mitungi ilibaki hukohuko kwa mama zao. Soya wananunua dukani, imefungwa kwenye plastiki. Wakila kwangu wanauliza siri ni nini, nami nawaambia siri ni mkono wa mama mkwe wetu, wangu na wako.

Sasa naomba unichimbie siri nyingine za Mama. Dagaa wa supu, spinachi, supu ya mwani. Na tafadhali, mara hii uweke vipimo. Ukiandika "kiasi", mhariri ananirudishia. Vijiko vingapi, dakika ngapi, hivyo ndivyo wanavyotaka.

Msalimie Mama sana. Mwambie Seoul nzima itamjua.

Mdogo wako,
Mi-ryeong


Gurye, 12 Machi 1984

Mama Su-gyeong,

Barua imefika. Tuko salama. Mama analalamika mgongo, lakini jana amefunika na kufunua mitungi yote kumi na minane mwenyewe, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Vijiko. Nimecheka kwanza, halafu nikakasirika. Huu ni mwaka wa ishirini na moja nimeolewa nyumba hii ya Ham, na sijaona kijiko kikipima kitu isipokuwa dawa ya kikohozi. Soya ya mtungi huu si soya ya mtungi ule. Chumvi ya mwaka wa jua si chumvi ya mwaka wa mvua. Nikupimie nini? Lakini umeomba, basi shika kalamu.

Dagaa. Chukua wakubwa, wanaong'aa, siyo wale waliopondeka chini ya gunia. Toa kichwa, pasua tumbo, ondoa ule weusi wote. Wote, Mi-ryeong. Nilikuona sikukuu ya mavuno, unarusha dagaa wazima sufuriani huku unapiga soga, supu ikatoka chungu, na aliyeulizwa ni mimi. Wakaushe kwenye sufuria tupu mpaka wanukie, ndipo utie maji ya kuoshea mchele, ya mwosho wa pili. Ya kwanza yana vumbi, ya tatu hayana kitu. Usifunike. Dakika kumi, watoe, wakizidi hapo wanaharibu kila kitu.

Spinachi. Zamisha mizizi kwanza kwenye maji yanayochemka, hesabu mpaka tano, ndipo majani. Toa, tia kwenye maji baridi, kamua. Kamua kama unavyokamua nywele za mtoto, si kama tambara la kupigia deki. Changanya kwa mkono, usinitajie uma. Sosi ya soya na saumu vitangulie, mafuta ya ufuta yawe ya mwisho. Ukianza na mafuta, jani halipokei tena kitu kingine.

Supu ya mwani, ile ya mwanamke aliyejifungua. Loweka, kata, kaanga pamoja na nyama kwenye mafuta ya ufuta mpaka mwani uwe wa kijani. Tia maji, chemsha muda mrefu kuliko unavyodhani unatosha. Chumvi itoke kwenye sosi ya soya ya zamani. Majani ya kitunguu hayaingii humo hata siku moja.

Ndiyo hayo. Vipimo weka wewe uliyesoma.

Na usiandike mkono wa Mama, mkono wa Mama, kila mstari. Jiko hili lina mikono minne.

Geum-rye


Gurye, 9 Mei 1984
(Barua hii haikutumwa.)

Mi-ryeong,

Jarida limefika. Mama amelipakata tangu asubuhi kama mjukuu. Majirani watatu wameshasomewa. "Siri za Mkono wa Mama Mkwe wa Gurye." Nimelisoma mara tatu kutafuta jina langu. Halimo. Nikatafuta hata "mke wa shemeji yangu alinisaidia". Nayo haimo.

Sasa nakuambia neno ambalo halijui mtu, hata mume wangu Chang-sik. Mama hasikii tena ladha. Ile homa ya mwaka juzi iliondoka na ulimi wake. Nilimkuta siku moja anatia sukari kwenye kabichi, viganja viwili, anaonja, anaitikia kwa kichwa kwamba chumvi imekolea. Nilisubiri atoke, nikaiosha ile kabichi, nikatia chumvi. Tangu siku hiyo kila kilichotoka jiko hili nimekipika mimi na kukionja mimi. Supu aliyoililia mume wa mhariri wako ni yangu. Spinachi ni yangu. Soya mliyopelekewa mwaka jana nimeikanda mimi kwa miguu yangu.

Na bado kila mlo nampelekea Mama upawa kwa mikono miwili, kama nilivyofanya tangu wiki niliyoolewa. Anaonja. Anasema, "Ongeza." Mimi nageuka, naingiza mkono kwenye mtungi wa chumvi, nautoa mtupu, naupitisha juu ya sufuria. Namrudishia. Anaonja tena, anasema, "Sasa ndiyo." Miaka miwili hiyo.

Wanawake wa kijiji nao wakija na mabakuli yao ya kabichi ya kimchi kabla ya kufunga mitungi ya majira ya baridi, wanafuata ulimi wa Mama, kama walivyofanya mama zao. Mimi nawahi bakuli, najifanya natoa mbegu ya pilipili, naonja, nasema, "Mama, hii si kama ile ya mwaka jana uliyosema imepooza?" Naye anasema imepooza. Wanaenda zao wameridhika.

Wewe mtu wa Seoul, lakini hata wewe unajua watu wa huku wanasemaje nyumba ikibadilika ladha ya soya. Wanasema nyumba hiyo imekwisha. Mama alifiwa na mume ana miaka ishirini na tisa, na ulimi huo ndio uliowafanya watu wamwamkie kwa kuinama mpaka leo. Wakijua umekufa, hawatakuja tena na mabakuli. Na wasipokuja, Mama hamalizi mwaka. Simtanii mtu.

Kwa hiyo siwezi kukuambia, na nisipokuambia nakufa mimi kwa hasira. Seoul inausifu mkono uliokunjwa mapajani, na huu unaopika unanuka dagaa na hauna jina. Nimekasirika mpaka nimevunja kifuniko cha mtungi, nikamsingizia paka.

Sitaituma hii.


Gurye, 10 Mei 1984

Mama Su-gyeong,

Jarida limefika. Mama amefurahi. Picha nzuri.

Umetia majani ya kitunguu kwenye supu ya mwani. Niliandika kwa mkono wangu kwamba hayaingii. Mwanamke wa watu atajifungua, atapikiwa kitu hicho, na atakayelaumiwa ni nyumba yetu. Rekebisha.

Geum-rye


Seoul, 20 Oktoba 1984

Kwa Dada Geum-rye,

Yale majani ya kitunguu nilirekebisha mwezi uliofuata, natumaini uliona. Ni mpiga picha aliyetaka kitu cha kijani. Nilipaswa kukataa, nikaona haya.

Leo naandika kwa jambo kubwa. Wasomaji wameomba kumwona Mama kwa macho yao. Jarida limechukua ukumbi wa ghorofa zetu, Jumamosi ya tarehe kumi Novemba. Watakuja wanawake arobaini. Mama ataketi mbele, mimi nitapika supu ya soya chini ya maelekezo yake, kisha wote wataonja. Naomba umwandae. Itakuwa heshima ya uzee wake, Dada. Hajawahi kutoka Gurye isipokuwa kwa mazishi.

Mi-ryeong


Gurye, 24 Oktoba 1984

Mama Su-gyeong,

Hapana. Mama haji. Kabichi zinakaribia na mgongo wake haujakaa sawa. Tafuta kitu kingine cha kuwaonyesha watu wako.

Geum-rye


Seoul, 29 Oktoba 1984

Dada,

Nimeisoma barua yako ya mistari miwili na nimeamua kusema, maana nimenyamaza miaka tisa.

Tangu niolewe, kila sikukuu nikija nyumbani nawekwa mlangoni na beseni la saumu nimenye. Jikoni siingii. Nikiingia mnatazamana. Msichana wa Seoul, mikono laini, anakamua spinachi kama tambara. Nimemenya saumu za ukoo wa Ham mpaka kucha zikatoka, na sijafundishwa hata wali. Kile ninachojua nimekijua kwa barua, tena barua za matusi. Nikaona basi, angalau nikipate kwa barua. Nikakipenda. Nikawafanya watu wakipende. Na wewe kila nikipata kidogo cha kufurahia unakuja na ndoo ya maji baridi.

Mgongo wa Mama hauna kitu. Nilimpigia simu mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji. Alifurahi kama mtoto. Aliniuliza avae nguo gani. Hakujua hata kama nilikuandikia, hukumwambia kabisa.

Huo ni wivu, Dada. Nimetafuta jina jingine zuri zaidi nimelikosa. Unamwonea Mama wivu kwa sababu anasifiwa, na mimi kwa sababu ninamsifu. Chang-gu atamfuata Jumatano tarehe saba.

Mi-ryeong


Gurye, 7 Novemba 1984

Mama Su-gyeong,

Wivu. Sawa, umelipata neno.

Mama ameondoka na Chang-gu kwa basi la asubuhi. Amevaa nguo ya kijivu, ile ya harusi ya Chang-gu, na amebeba upawa wake ndani ya kitambaa. Amewaaga majirani wote kana kwamba anaenda ng'ambo. Mume wangu ameniuliza kwa nini uso wangu uko hivi, nikamwambia ni moshi.

Kulikuwa na jambo moja la kukuambia kuhusu kupika na Mama, dogo tu, la kufanya anapoonja. Barua hii itakufikia baada ya shughuli yako, najua. Simu ipo kwa mwenyekiti, hatua mia mbili toka mlangoni kwangu. Lakini mtu mwenye wivu ana lipi la kumfundisha mwenye ukurasa wake?

Pika vizuri.

Geum-rye


Seoul, 12 Novemba 1984

Wewe Geum-rye,

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimeisoma nimesimama, nikakaa chini sakafuni. Jambo dogo la kufanya anapoonja. Hatua mia mbili.

Sikiliza basi lililotokea, maana ulilitaka.

Siku tatu za mwanzo nilimkataza Mama asishike kitu, apumzike. Chakula changu niliona haya kumwonjesha, nikampakulia tu, akala bila neno, nikasema moyoni Mama ana adabu. Jumamosi ukumbi ulijaa. Mama alikaa mbele na nguo yake ya kijivu, mgongo umenyooka, kila mtu anamtazama. Nilipika kama ulivyoniandikia. Dagaa nilipasua mmoja mmoja, nilitoa weusi wote. Maji ya mwosho wa pili. Nilionja, na Dada, ilikuwa yenyewe, kwa mara ya kwanza maishani mwangu ilikuwa yenyewe.

Nikampelekea upawa kwa mikono miwili, mbele ya watu wote. Akaonja, akasema, "Ongeza."

Nilishangaa, lakini mimi ni nani? Nikaongeza chumvi. Nikarudi. Akanitazama mkono, si uso, mkono, akasema tena ongeza. Nikaongeza. Nikarudi mara ya tatu. Sauti yake ilikuwa imeshuka lakini alisema hilohilo, nikaongeza. Sikuonja tena. Nani anaonja baada ya mama mkwe kuonja?

Tukawapakulia wanawake arobaini vibakuli vidogo. Wa kwanza alifunika mdomo na leso. Wa pili akatema kikombeni. Nyuma kule mtu alicheka, akajizuia, wakacheka wawili. Mhariri akawa anatazama viatu vyake. Nikaonja na mimi. Ilikuwa maji ya bahari.

Mama aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akaomba bakuli, bakuli kubwa. Nikampa, nilikuwa sijui nifanye nini. Akalinywa lote, taratibu, mpaka chini, na uso wake haukukunjamana hata kidogo. Hapo ndipo nilipojua. Mtu anayesikia ladha hawezi kuinywa ile.

Tangu siku hiyo amejifungia chumba cha Su-gyeong. Hasemi na Chang-gu. Kwangu anasema "asante" na "hapana". Nikimtajia Gurye anageukia ukutani.

Ulijua. Ulijua na ukamwacha apande basi na upawa wake. Mimi nichukie, nitukane, nipe saumu nimenye mpaka nife. Yeye alikukosea nini?

Mi-ryeong


Seoul, 15 Novemba 1984

Mama Jin-tak,

Naandika mwenyewe. Macho yanauma lakini kwa hili sitaki mtu anishikie kalamu.

Wewe unadhani sikujua. Miaka miwili na zaidi unageuka, unaingiza mkono kwenye mtungi wa chumvi, unautoa mkavu. Kilichokufa ni ulimi wangu. Macho yangu yanatunga uzi kwenye sindano. Siku ya kwanza nilitaka kukupiga na upawa. Nikasema ngoja nione atachoka lini. Hukuchoka. Baadaye nikaona basi, na iwe hivyo. Mimi nakaa mahali pangu nasema ongeza, wewe huongezi, chakula ni kitamu, watu wanasifu, nyumba inaendelea. Nikadhani tumeelewana mimi na wewe bila kuhitaji kusema.

Kule ukumbini nilisema ongeza kama kawaida yetu. Ndilo neno langu, sina jingine. Nikamtazama mkono. Mkono ukatoka na chumvi. Nikasema nimeona vibaya. Nikarudia ili nitazame vizuri, ukatoka na chumvi tena. Mara ya tatu nilirudia kwa kuwa nilishachanganyikiwa. Ningesema nini mbele ya watu wale? Acha? Mimi ndiye niliyesema ongeza.

Bakuli lile nililimaliza makusudi. Chakula cha nyumba yangu kikiharibika, nakila mimi.

Huyu hana kosa. Alinitii kama wanawake tunavyofundishwa. Hasira yangu iko kwako. Mlinivisha kilemba cha ukoka wawili nyinyi, yeye kwa kutojua na wewe kwa kujua, nikatembea nacho mpaka Seoul. Kwa nini hukumwambia? Na usinijibu kwamba ulikuwa unanilinda. Aliyenilinda miaka miwili asingeshindwa na siku tatu.

Kimchi tieni wenyewe. Wanawake wakija na mabakuli waambie ulimi wa mama Ham umekufa, au waambie lolote. Mimi sirudi.

Mama


Gurye, 19 Novemba 1984

Kwa Mama,

Nimesoma barua yako jikoni, nikairudia mpaka moto ukazimika.

Sitakujibu kwamba nilikuwa nakulinda. Nilikuwa na siku tatu. Jumatano nilikwenda mpaka kwa mwenyekiti, nikamkuta mkewe anasoma lile jarida. Akaniambia, "Una bahati kuishi na mpishi kama yule, wewe kazi yako ni kula tu." Nikageuka nikarudi nyumbani. Alhamisi sikwenda. Ijumaa nilivaa viatu, nikavua.

Nilitaka Mi-ryeong aaibike. Ndiyo hiyo, Mama, nimeisema. Nilimwona kichwani mwangu amesimama mbele ya watu na chungu cha maji ya bahari, nikafurahi, nikaendelea kumenya figili. Nilijua utasema ongeza na nilijua ataongeza. Sikufikiri kwamba neno hilo litatoka kinywani mwako na wewe ndiye watakayemtazama. Au nilifikiri nikajifanya sijafikiri, sijui tena.

Lakini na mimi nina hasira, na leo nitaitoa hata kama utanifukuza. Nimekaa jikoni kwako miaka ishirini na moja. Nimezaa watatu humo, na kila mara siku ya saba nilikuwa nimeshasimama kwenye sufuria. Ulijua mkono wangu ni mtupu. Ulijua chakula ni changu. Majirani walipokuja kukusifu, ulinyamaza, na mimi nimesimama nyuma yako na beseni. Jarida lilipokuja ulilipakata. Ungesema mara moja tu, hata kwa Chang-sik peke yake: hii kapika Geum-rye. Ungesema hivyo ningekupitishia mkono mtupu mpaka nizeeke, bila kinyongo.

Mimi sikujua kama tumeelewana. Mimi nilidhani nakuibia na wewe huoni. Kila siku nilikuwa naogopa.

Kabichi mia moja na ishirini zimevunwa, zinangoja maji ya chumvi. Mke wa mwenyekiti na wengine watakuja Jumapili ya tarehe mbili Desemba na mabakuli yao, wameshauliza mara mbili utarudi lini. Sijawaambia kitu. Sitawaambia. Ukitaka waambiwe, njoo uwaambie wewe, na ukimaliza unifukuze.

Geum-rye


Seoul, 22 Novemba 1984

Geum-rye,

Nimesoma. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa fimbo ya kumchapia mwenzako. Nimekasirika upya, nimekasirika mpaka Su-gyeong kaniletea maji. Sitakusamehe wiki hii na usinisubiri nikusamehe wiki ijayo.

Na wewe umenikasirikia, nimeona. Ni mara ya kwanza. Ishirini na moja ni miaka mingi ya kufunga mdomo halafu mtu aje aufungue kwa kuwaharibia wengine chakula. Ungenipigia kelele mwaka wa pili tungekuwa mbali.

Jina lako nimeliandika hapo juu. Mkono wangu ulikuwa haujawahi kuliandika, ilibidi Mi-ryeong anionyeshe. Akaniuliza nalia nini, nikamwambia macho. Nimemwambia pia supu ilikuwa ya nani tangu mwanzo, na spinachi, na kila kitu. Kisha akasema mambo juu yako ambayo siyaandiki, na juu yangu mengine, na ana haki yote. Ukurasa wake wa mwezi ujao utakuwa na jina lako. Hafanyi hivyo kwa kukupenda, usijidanganye. Anasema ni kwa sababu ndiyo kweli.

Tunakuja Jumamosi ya tarehe mosi Desemba, mimi na yeye. Saumu atamenya Chang-sik. Mi-ryeong ataingia jikoni, na ukimtazama vibaya nitakuona.

Jumapili wanawake wakija, usiwahi mabakuli. Acha mbegu za pilipili. Nipe mimi kwanza, kwa mikono miwili, kama kawaida. Nitaonja nisionje kitu, nitasema ongeza. Na wewe utaonja mbele yao, kisha utasema, "Hapana, Mama, imetosha." Kwa sauti, wasikie mpaka walio nje kwenye mitungi. Watashtuka. Mimi nitakunja uso, maana nitakuwa nimekasirika kweli, halafu nitawaambia wamfuate aliyesema hapana, kuanzia mwaka huu.

Ukinong'ona, napanda basi siku hiyohiyo.

Mama